Jina la mashine na njia ya faili: zana sita za C nilizoziandika upya baada ya kupoteza hesabu za karafuu

Msimu mmoja wa karafuu niliandika programu ndogo ya C kwa ajili ya vituo kadhaa vya kupimia hapa Pemba. Jioni, mpimaji akishafunga mzani, programu ilikuwa inachukua faili la siku hiyo (nani kaleta, kilo ngapi, kalipwa kiasi gani) na kulinakili kwenye hifadhi iliyokuwa Chake Chake, ndani ya folda yenye jina la mashine iliyolileta. Ili majina ya folda yawe mafupi, nilikata jina la mashine kwenye nukta ya kwanza. Laptopu ya Wete ilikuwa ikiitwa kituo1.wete, na ya Mkoani kituo1.mkoani. Baada ya kukatwa, zote mbili zikawa kituo1. Na kwa kuwa faili lilibeba jina la tarehe tu, la Mkoani lilikuwa linalifuta la Wete kila usiku, bila ya kosa lolote kuonekana kwenye skrini.

Siku ya tisa alikuja mkulima na risiti yake mkononi, na jina lake halikuwamo. Tukakaa siku mbili tukiingiza hesabu upya kutoka kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa.

Tokea hapo nina sharti moja kwa kila fanksheni inayogusa jina la mashine au njia ya faili: ikiwa jibu halienei kwenye nafasi iliyopo, au lina shaka, fanksheni ikatae waziwazi. Isikate, isikisie, isirekebishe kwa siri. Zana sita zilizomo humu zimejengwa juu ya sharti hilo. Majina yake nimeyaweka kwa Kiswahili kwa sababu vijana ninaowafundisha huyashika upesi zaidi.

Unahitaji mashine yenye Linux na kompaila ya C, iwe gcc au clang. Tengeneza mafaili manne: zana.h, zana.c, jaribu.c na weka.c. Alama ya / nitaiita mkwaju, kama inavyofundishwa skuli. Fanksheni za kutenda zinarudisha 0 zikifaulu na -1 zikishindwa. Zile za kuuliza zinarudisha 1 kwa ndiyo na 0 kwa hapana.

Hatua ya 1: tangaza zana zote kwenye zana.h

```c
#ifndef ZANA_H
#define ZANA_H
#include <stddef.h>

int  jina_la_mashine(char *bafa, size_t nafasi);
void jina_dogo(char *jina);
int  jina_halali(const char *jina);

int  kipande_salama(const char *kipande);
int  njia_unga(char *bafa, size_t nafasi,
               const char *folda, const char *kipande);
const char *njia_mkia(const char *njia);

#endif
```

Tazama kwamba kila fanksheni inayojaza bafa (nafasi ya kumbukumbu ya kuwekea maandishi) inapewa na ukubwa wake. C haijui bafa yako inaishia wapi. Anayeiita fanksheni ndiye ajuaye, basi aseme.

Hatua ya 2: uliza mashine jina lake

Mfumo unatupa `gethostname`, na watu wengi huiita kisha wakaendelea na safari. Tatizo ni kwamba jina likiwa refu kuliko bafa, kanuni za POSIX (mapatano ya mifumo ya aina ya Unix) hazisemi kama sifuri ya kumalizia, ile baiti inayoonesha mwisho wa maandishi, itawekwa au la. Maktaba ya C ya Linux hurudisha kosa, lakini mfumo mwingine unaweza kukupa herufi zisizo na mwisho, na `strlen` ikatembea hadi kwenye kumbukumbu isiyokuhusu. Linux yenyewe haipokei jina la mashine linalozidi herufi 64, ila mifumo mingine inafika 255. Kwa hiyo tunafungua nafasi ya 256 na bado tunahakikisha sifuri ipo.

Anza zana.c hivi (fanksheni za hatua ya 3 hadi ya 7 zinafuata humo humo):

```c
#define _POSIX_C_SOURCE 200809L
#include <stdio.h>
#include <string.h>
#include <unistd.h>
#include "zana.h"

int jina_la_mashine(char *bafa, size_t nafasi)
{
    char muda[256];
    size_t urefu;

    if (gethostname(muda, sizeof muda) != 0)
        return -1;
    if (memchr(muda, '\0', sizeof muda) == NULL)
        return -1;

    urefu = strlen(muda);
    if (urefu == 0 || urefu >= nafasi)
        return -1;

    memcpy(bafa, muda, urefu + 1);
    return 0;
}
```

Ile `>=` isome mara mbili. Jina la herufi 10 linataka nafasi 11, kwa sababu ya sifuri. Ukiandika `>` peke yake, siku jina litakapojaa bafa sawasawa, sifuri itaandikwa nje ya mpaka.

Huenda ukashawishika kutumia `strncpy` hapo. Iache. Iliingizwa kwenye C kwa ajili ya sehemu zenye urefu maalumu, kama majina ya mafaili katika folda za Unix ya zamani, ambayo yalikuwa na baiti 14 na hayakulazimika kumalizwa kwa sifuri. Bafa ikijaa, `strncpy` haiweki sifuri, wala haikwambii kitu. Ipo pia `strlcpy`, iliyotoka OpenBSD na kuingia katika maktaba ya C ya Linux mwaka 2023, toleo la 2.38. Hiyo ni bora mno, lakini laptopu za vituoni mara nyingi zina mfumo wa zamani zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: punguza herufi kubwa

```c
void jina_dogo(char *s)
{
    for (; *s != '\0'; s++)
        if (*s >= 'A' && *s <= 'Z')
            *s = (char)(*s + ('a' - 'A'));
}
```

Katika DNS, mfumo wa majina ya mashine mtandaoni, Wete na wete ni jina moja. Kwenye diski ya Linux ni folda mbili. Kwenye flashi ya FAT, ambayo ndiyo hubebwa mfukoni kwenye boti baina ya Unguja na Pemba, ni folda moja tena. Ukiacha herufi kama zilivyokuja, utakuwa na folda mbili Chake Chake, na siku ya kuzinakili kwenye flashi zitagombania nafasi moja. Punguza herufi mapema, mara moja, mahali pamoja.

Sikutumia `tolower` kwa makusudi. Hiyo hufuata lugha iliyowekwa kwenye mfumo, na ukiipa thamani hasi, kama zinavyokuwa baiti za herufi za Kiarabu katika mashine nyingi, tabia yake haina dhamana. Sisi tunataka A hadi Z, basi.

Hatua ya 4: pima kama jina ni halali

Hapa ndipo penye kazi, na hapa sina haraka.

Jina kamili la mashine ni vipande vilivyotengwa kwa nukta. Kila kipande kina herufi 1 hadi 63. Kinapokea a hadi z, 0 hadi 9 na kistari, lakini kistari hakianzi wala hakimalizi. Zamani, kwa RFC 952 (RFC ni hati za kanuni za mtandao) ya mwaka 1985, kipande kilitakiwa kianze kwa herufi. RFC 1123 ya mwaka 1989 ikaruhusu kianze kwa tarakimu. Jina zima halizidi herufi 253. Namba hiyo inatokana na jinsi DNS inavyosafirisha majina: kikomo ni baiti 255, kila kipande hutanguliwa na baiti moja ya urefu wake, na mwisho kabisa kuna baiti ya sifuri. Ondoa ile ya mwanzo na ile ya mwisho, zinabaki 253.

```c
int jina_halali(const char *s)
{
    size_t jumla = 0, kipande = 0;
    char nyuma = '.';

    for (; *s != '\0'; s++) {
        char h = *s;

        if (++jumla > 253)
            return 0;

        if (h == '.') {
            if (kipande == 0 || nyuma == '-')
                return 0;
            kipande = 0;
        } else {
            int inaruhusiwa = (h >= 'a' && h <= 'z')
                           || (h >= '0' && h <= '9')
                           || h == '-';
            if (!inaruhusiwa)
                return 0;
            if (h == '-' && kipande == 0)
                return 0;
            if (++kipande > 63)
                return 0;
        }
        nyuma = h;
    }
    return kipande > 0 && nyuma != '-';
}
```

Herufi kubwa zinakataliwa humu kwa kuwa `jina_dogo` imeshapita kabla. Nukta ya mwishoni, kama wete.pemba.test., ni halali ndani ya DNS, lakini fanksheni hii inaikataa. Ukilitoa jina huko, iondoe nukta hiyo kwanza.

Sasa tia majina yetu uone. Chake Chake lina nafasi katikati: halipiti. Ng'ombeni lina ritifaa: halipiti. Ng'ambo, vilevile. Na kosa ninalolikuta kuliko yote ni kituo_1, kwa sababu kistari cha chini kimezoeleka kwenye majina ya mafaili. Kwenye jina la mashine hakimo.

Wengi hunishauri fanksheni iyasafishe majina hayo yenyewe: iondoe ritifaa, iunganishe palipo na nafasi. Siafiki. Ukiondoa nafasi, "chake chake" na "chakechake" zitakuwa folda moja, na hapo umerudi kwenye kituo1 yangu. Mpimaji wa karafuu akikuta gunia lenye makonyo halichambui yeye. Hulirudisha kwa mwenyewe. Fanksheni nayo ikatae, na mwenye mashine aibadilishe jina kwa mkono:

```
sudo hostnamectl set-hostname ngombeni-1
```

Na hapo hapo, tofauti ya mashine na mashine iweke kwenye kipande cha kwanza: wete-1, mkoani-1, micheweni-1. Hata mtu mwingine akija kesho na programu inayokata kwenye nukta, hazitagongana.

Iko faida moja niliyoigundua baadaye, na imenipunguzia kazi nyingi. Jina lililopita `jina_halali` linafaa moja kwa moja kuwa jina la folda kwenye Linux. Halina mkwaju. Haliwezi kuwa nukta moja wala nukta mbili, kwa sababu kipande kitupu kinakataliwa. Na halizidi 253, ilhali jina la faili au folda linaruhusiwa hadi baiti 255. Kwa Windows pana tahadhari: majina kama con, aux na nul yamehifadhiwa na mfumo wenyewe, basi usiziite mashine hivyo.

Hatua ya 5: pima kipande cha njia

Linux inaruhusu karibu kila kitu ndani ya jina la faili: nafasi, ritifaa, herufi za Kiarabu. Vinavyokatazwa ni mkwaju na baiti ya sifuri peke yake. Ongeza majina mawili yenye maana maalumu, nukta moja na nukta mbili.

```c
int kipande_salama(const char *k)
{
    if (k[0] == '\0')
        return 0;
    if (strcmp(k, ".") == 0 || strcmp(k, "..") == 0)
        return 0;
    if (strchr(k, '/') != NULL)
        return 0;
    return strlen(k) <= 255;
}
```

Zile 255 ni baiti, na `strlen` nayo huhesabu baiti. Kwa maandishi ya Kilatini hutaona tofauti. Lakini sisi tuna hati nyingi za khati ya Kiarabu, kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani na kwenye masanduku ya wazee majumbani, na anayezipiga picha hupenda kulipa faili jina kama lilivyoandikwa kwenye hati. Katika UTF-8, njia ya kuandika herufi kama baiti, kila herufi ya Kiarabu inachukua baiti mbili, kwa hiyo jina linaishia kwenye herufi 127 hivi. Ukilikata kwa kuhesabu baiti unaweza kuipasua herufi katikati, na hilo nalo linatosha kukuzuia kukata.

Kwa nini nukta mbili nazikataa badala ya kuzitatua? Chukua /hifadhi/wete/../mkoani. Kwa macho unasema ni /hifadhi/mkoani. Lakini ikiwa wete ni kiungo kinachoelekea /mnt/diski2/wete, mfumo utarudi nyuma hadi /mnt/diski2, wala si /hifadhi. Maandishi ya njia peke yake hayawezi kukwambia faili litaangukia wapi. Ukihitaji kujua kwa yakini, iko `realpath(njia, NULL)`, ambayo hufuata viungo vyote na kukurudishia njia halisi katika kumbukumbu utakayoiachia mwenyewe kwa `free`. Ila inataka njia hiyo iwe ipo tayari kwenye diski.

Hatua ya 6: unga folda na faili

```c
int njia_unga(char *bafa, size_t nafasi,
              const char *folda, const char *kipande)
{
    size_t n = strlen(folda);
    const char *mkwaju;
    int r;

    if (n == 0 || !kipande_salama(kipande))
        return -1;

    mkwaju = (folda[n - 1] == '/') ? "" : "/";
    r = snprintf(bafa, nafasi, "%s%s%s", folda, mkwaju, kipande);
    if (r < 0 || (size_t)r >= nafasi)
        return -1;
    return 0;
}
```

`snprintf` hurudisha urefu ambao maandishi yangekuwa nao kama nafasi ingetosha. Watu huiita bila kutazama jibu, na hivyo huitumia kama kisu cha kukatia kimyakimya. Jibu hilo ndilo lenye faida yote.

Folda tupu inakataliwa kwa sababu tungeunga mkwaju na jina, na faili lingekwenda kwenye mzizi wa diski. Na usiipe fanksheni hii bafa ileile kuwa chanzo na lengo, kama `njia_unga(b, sizeof b, b, "x")`. C haitoi dhamana `snprintf` inaposoma na kuandika mahali pamoja. Mara itafanya kazi kwako, mara itaharibika kwa mwenzako.

Hatua ya 7: chukua mkia wa njia

```c
const char *njia_mkia(const char *njia)
{
    const char *m = strrchr(njia, '/');
    return m != NULL ? m + 1 : njia;
}
```

`basename` ya libgen.h ipo, lakini inaruhusiwa kuyabadilisha maandishi unayoipa, na GNU wana nyingine ya jina hilohilo yenye tabia tofauti. Hii yangu haigusi kitu. Ukiipa /data/wete/ inarudisha maandishi matupu, na `kipande_salama` itayakataa. Ndivyo ninavyotaka: njia inayoishia kwa mkwaju ni folda, na mimi nimeomba faili.

Hatua ya 8: jaribu mipakani

Hii ni jaribu.c:

```c
#include <assert.h>
#include "zana.h"

int main(void)
{
    char b[16];

    assert(jina_halali("chake-chake.pemba.test"));
    assert(!jina_halali("chake chake"));
    assert(!jina_halali("ng'ombeni"));
    assert(!jina_halali("kituo_1"));
    assert(!jina_halali("-wete"));
    assert(!jina_halali("wete-.test"));
    assert(!jina_halali("wete..test"));
    assert(!jina_halali(".."));
    assert(!jina_halali(""));

    assert(njia_unga(b, 6, "/a", "bc") == 0);
    assert(njia_unga(b, 5, "/a", "bc") == -1);
    assert(njia_unga(b, sizeof b, "", "bc") == -1);
    assert(njia_unga(b, sizeof b, "/a", "..") == -1);
    return 0;
}
```

```
cc -std=c11 -Wall -Wextra -g -fsanitize=address,undefined zana.c jaribu.c -o jaribu
./jaribu
```

Ikinyamaza, imepita. Jozi ya 6 na 5 ndiyo ninayoipenda: "/a/bc" ina herufi tano na sifuri yake, kwa hiyo nafasi sita zinatosha na tano hazitoshi. Majina yenye .test nimeyachagua kwa kuwa RFC 2606 ya mwaka 1999 imeitenga tamati hiyo kwa majaribio, hivyo hutamgusa mtu. Usijaribie kwa majina ya watu yaliyo chini ya .tz.

Hatua ya 9: zitie kazini

Hii ni weka.c:

```c
#define _POSIX_C_SOURCE 200809L
#include <fcntl.h>
#include <stdio.h>
#include <unistd.h>
#include "zana.h"

int main(int argc, char **argv)
{
    char jina[256], folda[4096], lengo[4096];
    int fd;

    if (argc != 3) {
        fprintf(stderr, "Tumia: weka HIFADHI FAILI\n");
        return 2;
    }
    if (jina_la_mashine(jina, sizeof jina) != 0) {
        fprintf(stderr, "Jina la mashine halikupatikana\n");
        return 1;
    }
    jina_dogo(jina);
    if (!jina_halali(jina)) {
        fprintf(stderr, "Jina la mashine si halali: %s\n", jina);
        return 1;
    }
    if (njia_unga(folda, sizeof folda, argv[1], jina) != 0
        || njia_unga(lengo, sizeof lengo, folda,
                     njia_mkia(argv[2])) != 0) {
        fprintf(stderr, "Njia haikuungika: %s\n", argv[2]);
        return 1;
    }

    fd = open(lengo, O_WRONLY | O_CREAT | O_EXCL, 0640);
    if (fd < 0) {
        perror(lengo);
        return 1;
    }
    /* hapa nakili yaliyomo ndani ya argv[2] */
    close(fd);
    puts(lengo);
    return 0;
}
```

```
cc -std=c11 -Wall -Wextra zana.c weka.c -o weka
```

Ukiiendesha kwenye laptopu ya Mkoani kwa `./weka /hifadhi /home/mpimaji/2024-09-14.csv`, itaandika /hifadhi/mkoani-1/2024-09-14.csv.

Makusudi sikuweka amri ya kutengeneza folda. Folda za vituo nazitengeneza mwenyewe, kwa mkono, kwa idadi ya vituo ninavyovijua. Mashine iliyobadilishwa jina bila taarifa itakosa folda yake na kusimama hapo hapo, jioni ileile.

Na ile `O_EXCL` usiiondoe hata ikikuudhi. Maana yake ni: fungua faili jipya, na likiwapo tayari, kataa. Kama ningekuwa nayo msimu ule, kosa la kituo1 lingejitokeza usiku wa kwanza. Programu ninayoitumia sasa, ikikuta faili limeshakuwapo, huliacha lilivyo, humwonesha mpimaji njia yote mpaka mwisho wake, na humtaka apige simu Chake kabla hajafunga kituo.